Malkia Mlangoni

Shufaa, mtunzi wa vitabu vya Malkia wa Majini, alikuwa akisukwa na msusi asiyejua kuwa mteja wake ndiye aliyevitunga.

"Vitabu vyote vile malkia anahangaika kumtafuta mwanawe," msusi alifoka, akivuta nywele mpaka machozi yakamlengalenga Shufaa. "Halafu anabisha hodi, kitabu kinaisha! Hatujui hata kama mtoto yumo. Mwisho gani huo?"

"Na ungeambiwa hayumo?" Shufaa aliuliza taratibu.

Vidole vikasimama. Kwenye kioo, Shufaa alimwona msusi akiitazama picha iliyobandikwa ukutani, ya msichana mwenye sare za shule, imepauka kwa jua.

"Basi mwache abishe," msusi alisema mwishowe. Akazishika tena nywele, safari hii polepole, kama mtu anayeogopa kumaliza.