Bibi Yumo Sura Gani?

Kitabu cha sosholojia kikishachaguliwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mji mzima lazima uishi kama kinavyosema. Mwaka huu anayechagua ni mke wa mwanangu, Mwalimu Tunu. Jana alileta viwili jikoni.

"Hiki chembamba kinasemaje kuhusu familia?" nikamuuliza.

"Baba, mama na watoto."

"Na bibi je?"

"Bibi yumo sura ya mwisho, mama. Makao ya wazee."

"Na hicho kinene?"

"Bibi anakaa na mwanawe, tena ndiye anayeamua kipikwe nini."

Nikacheka. "Chagua hicho, mwanangu! Kesho kisamvu tena."

Tunu hakucheka. Alivitazama vile vitabu, kisha akaniuliza kwa upole napenda dirisha la chumba changu huko makaoni litazame upande gani.