Karatasi ya Tupokigwe

Mvua ilipolipiga bati la kanisa la Isongole, mchungaji aliendelea kusogeza midomo, lakini hakuna aliyesikia kitu. Umeme ulikuwa umekatika, na spika imezimika nao. Waumini wakabaki kutazamana.

Tupokigwe peke yake hakuinua kichwa. Masikio yake yaliziba tangu alipougua, na kila Jumapili mchungaji humpa mahubiri yaliyoandikwa. Ya leo yalikuwa mapajani mwake, kidole kikitembea chini ya mistari.

Asubuhi, mlangoni, mzee wa kanisa alimwambia polepole ili aweze kumsoma midomo: "Mama, mahubiri ni ya kusikia. Karatasi hii iwe ya mwisho."

Sasa kidole kilifika palipoandikwa: "Na wewe uliyedhani umesahauliwa, leo asubuhi Mungu amekuita kwa jina lako." Kikatulia hapo.

Tupokigwe akasimama, mikono juu, karatasi ikiwa mkononi. "Amina!" aliita kwa nguvu zake zote. "Amina, Baba!"

Hata mvua haikuweza kuizima sauti ile. Kanisa zima likageuka. Mchungaji akacheka, akaacha kuhubiri, akaionyesha kwa mkono karatasi ya Tupokigwe.

Watu wakaanza kuhama mabenchi, wakajibana kumzunguka. Aliyetangulia alikuwa yule mzee wa kanisa, akipapasa mfuko wa koti kutafuta miwani. Akaketi naye, akamgeukia ili midomo yake ionekane vizuri.

"Nisogezee kidogo, mama. Umefika wapi?"

Tupokigwe akakirudisha kidole kwenye mstari wa kwanza.