Swali la Wakili wa Pili

Wakili wa kwanza alimwahidi mwashi ushindi kabla hata ya kuutazama mguu wake uliovunjika. Huyu wa pili, mama wa makamo, aliinama akaukagua kwanza, kuanzia plasta hadi vidole vilivyovimba.

“Lile jukwaa la ujenzi lililokuangusha, nani alilifunga?”

Mkewe, aliyeketi kando yake, akainamisha uso.

“Shemeji yangu,” mwashi akajibu. “Kaka yake huyu. Nikishtaki, si ataozea jela yeye?”

“Na kamba za kulifungia, alipewa na nani?”

Tangu ajali itokee, hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

“Msimamizi,” mke akadakia. “Kaka alizikataa kwa kuwa zimechakaa, akaambiwa afunge au aende zake.”

Mwashi akamtazama mkewe, kisha akamgeukia wakili.

“Kalamu iko wapi, mama, nitie sahihi?”