Kumngoja Mpiga Drams

"Nikibonyeza hapa, dada, drams zote zinakaa sawa," fundi mitambo wa studio alisema, kidole kikielea juu ya kitufe. "Marehemu mdogo wako alichelewa kila pigo. Wimbo ukichechemea, redioni hawaupigi."

Mwimbaji alisogea karibu na spika. Mdogo wake alikuwa na mguu mbovu, ule wa kukanyagia ngoma kubwa, na bendi yao ya roki, isiyojulikana hata na majirani, ilizaliwa na kuchelewa huko: magitaa yalijifunza kumngoja, na huo ukawa mlio wao. Ni wimbo huu wa mwisho tu ambao dada mtu aliukimbiza, kwa uchu wa redio.

"Zima magitaa," alisema. "Nimsikie peke yake."

Kabla ya kila pigo kiti kililia kwii, kisha pumzi ikavutwa kati ya meno. Kumbe mguu ulikuwa unamuuma. Halafu, kwa mbali, mwimbaji akasikia sauti yake mwenyewe: "Kaza mwendo, kobe wewe!"

Humo kwenye rekodi, marehemu akacheka. "Nakuja, dada. Msiniache."

Fundi alikohoa. "Basi nibonyeze?"

"Mguu wake usiuguse." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Magitaa ndiyo uyasogeze nyuma, yamngoje. Na sauti yangu pia."