Hatua Tatu Kutoka Ukutani

Mwalimu Nasma aliuburura mfuko uliojaa mchanga hadi ukingoni mwa ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa likijengwa, akauachia.

Mfuko ukashuka wima. Ukatua puu! chini kabisa ya ukuta, katikati ya nondo zilizochomoza kwenye msingi wa kibaraza, ukapasuka.

"Umeona?" akamwambia Bi Semeni, mama lishe wa mafundi pale Pongwe. "Kitu kikiteleza, ardhi hukivuta chini tu. Hakiendi pembeni. Sasa mbona kaka yangu aliokotwa kwenye lundo la mchanga, hatua tatu kutoka ukutani?"

"Makubwa haya!" Semeni akaguna.

Siku ya nne ile kaka yake huyo, Mudathir, alikuwa hospitalini, hajafumbua jicho. Na siku zote nne Nasma, mwalimu wa fizikia, alikuwa akilitafuna neno moja la Sadalla, fundi pekee aliyekuwa juu na kaka yake: "Ameanguka." Basi. Hakuongeza, wala hakumtazama mtu usoni. Na wiki iyo hiyo wawili hao walikuwa wamegombana mbele ya watu, kila mmoja akitaka usimamizi wa ujenzi.

Sadalla akatokeza ngazini, karai begani.

"Karibu, mwalimu."

Nasma akamzibia njia.

"Sadalla, mtu haruki mwenyewe kama kunguru. Ulimsukuma kaka yangu?"

Karai likamponyoka. Mafundi wakaacha kazi, wakasogea.

"Nilimsukuma," Sadalla akasema. "Kwa mikono yangu hii. Lakini, mwalimu..."

Hiyo lakini haikupata msikilizaji. Wenzake walikwisha kumkwida shati, wakamteremsha mbiombio hadi kituo cha polisi. Nasma akawafuata nyuma, moyo unamwaka, huku akijipongeza kimoyomoyo: hesabu zake hazikumdanganya.

Alasiri simu ikaita kutoka hospitalini. Mudathir amezinduka.

Nasma akakimbilia huko, akamkuta mkono umefungwa plasta, midomo imemkauka. Akamwinamia sikioni.

"Pole, kaka yangu. Aliyekusukuma yuko mahabusu."

Mudathir akahangaika kuinuka, akashindwa.

"Mahabusu? Nasma, ubao niliousimamia ulikatika, nikawa nakwenda kwenye zile nondo. Mimi ndiye niliyempigia kelele anisukumie mchangani."