Mbuzi wa Bazige

Walimlaza mbuzi kitandani, ubavuni pa Bazige, wakawafunika shuka moja. Bazige, ambaye homa ya siku tisa ilikuwa imembakiza mifupa na mdomo, alimtazama yule mnyama, akafyonya.

"Ndiyo nini hiki? Mazizi yote ya mji wa Girsu yamekosa mbuzi mwenye nyama? Huyu hata fisi angemwonea huruma."

"Dawa inataka mbuzi mchanga kama huyu," alisema Girini, mganga wa hekalu, akinoa kisu cha shaba. "Leo huyu ndiye Bazige. Atakwenda kwa Ereshkigal badala yako, nawe utapona."

"Na mwenyewe Ereshkigal atakubali?"

"Akidanganyika."

Bazige akacheka mpaka akapaliwa. Ati huyo ndiye malkia wa wafu watu wanayemtetemekea! Mwanamke anayekaa gizani chini ya ardhi, chakula chake udongo, kinywaji chake maji ya tope. Miaka ishirini Bazige alikuwa msimamizi wa ghala la shayiri la hekalu, na hakuwahi kuzidiwa ujanja na mtu. Leo aje azidiwe na mla vumbi?

"Usimtukane, bwana," alisema Ninhedu, mkewe. "Anasikia."

"Asikie! Mwenziwe naomba pombe, yeye ananiletea hofu. Na wewe Akala, umesimama kama nguzo ya zizi. Shika miguu ya mbuzi, angalau leo ufae kitu."

Akala alikuwa mdogo wake. Tangu utotoni alilishwa na kaka yake, na kila siku alikumbushwa hilo. Akashika miguu.

Mganga akatoa masharti. Atapitisha kisu cha mti shingoni mwa Bazige, kisha cha shaba shingoni mwa mbuzi. Mbuzi atavishwa nguo za Bazige, ataliliwa kwa jina la Bazige na kuzikwa.

"Na wewe tangu hapo ni maiti," Girini alimwambia. "Hakuna wa kukuita, wa kukujibu wala wa kukutazama mpaka jua lizame. Bibi wa Chini akisikia mtu anakusemesha, atajua ametapeliwa, na atakufuata mwenyewe."

"Maneno mengi we mzee. Fanya kazi."

Kisu cha mti kikapita shingoni. Bazige akafumba macho, maana damu ya mnyama hakupenda kuiona, na hapo hapo usingizi ukamchukua, usingizi mzito ambao hakuwa ameuonja tangu homa ianze.

Alipozinduka, homa haikuwepo. Mgongo haukuuma, kichwa kilikuwa chepesi. Akaketi, akasimama mwenyewe bila kushikwa mkono. Lo, dawa imekubali! Kiu tu ndiyo ilimsumbua. Chumba kilijaa watu na vilio, na mkekani lilikuwepo furushi, limeviringishwa ndani ya joho lake jekundu la sikukuu.

"Joho langu jipya!" akafoka. "Ninhedu! Matambara yote ya nyumba hii hukuyaona?"

Ninhedu hakugeuka. Haya, masharti ni masharti. Bazige akajizuia, ila ulimi wake haukuzoea kukaa. Akawazunguka waombolezaji mmoja mmoja, akiwakagua. Jirani alikuwa akilia kwa jicho moja, la pili linatafuta mkate uliko. Mpishi alilia kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Furushi lenyewe lilikuwa refu, na hapo Bazige alikiri kwamba Girini anaijua kazi yake. Bila shaka kalijaza mabua.

Aliyemkera zaidi ni Akala. Alikuwa amepiga magoti, kamasi zinamtiririka. "Kaka yangu! Nani atanigombeza sasa?"

"Tazameni hili jinga," alisema Bazige. "Linamlilia mbuzi machozi ya kweli."

Ninhedu yeye hakulia. Alifunga fundo la mwisho la joho, akajifuta mikono.

"Basi, shemeji," akamwambia Akala. "Amepumzika. Na sisi tumepumzika."

"Ehee, sema yote!" Bazige akamwinamia usoni. "Jua likizama utanitambua, mwanamke wee."

Kisha wakafukua sakafu ya chumba cha ndani, pale walipozikwa baba yake na babu zake. Hapo wazimu ukampanda. Ebo! Mbuzi alazwe na wazee wake? Kila mwezi watoto wake waje wammiminie pombe kwa bomba la udongo linaloshuka kaburini, waseme "kunywa, baba," kumbe wanamnywesha mbuzi? Akampigia Akala kelele sikioni mpaka sauti ikamkauka. Akala akajikuna sikio, akaendelea kuchimba.

Wakaliteremsha furushi. Wakaweka mkate, bakuli na mtungi wa pombe ya safari. Bazige akaitazama ile pombe kwa uchungu, koo limekauka kama tanuri. Lakini hasira ikaanza kumtoka, kicheko kikamjia. Heri wazike hata ng'ombe! Uhai anao. Huko chini yule bibi mla vumbi sasa hivi anafungua milango yake yote saba, anamkaribisha mnyama asiyetosha mchuzi, na kumwita Bazige.

"Pumbavu," akasema kuelekea shimoni. "Pumbavu kabisa!"

Girini akaingia polepole kutoka uani, mkononi ameshika kamba. Akasubiri udongo wa mwisho urudishwe, ndipo akamsogelea Ninhedu.

"Pole sana, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Na huyu mbuzi je? Nimrudishe zizini, au tumchinjie wageni wa matanga?"