Kufuli la Idara

Kompyuta ya chuo ilisema ukumbi ni mtupu, na kweli ulikuwa mtupu. Darasa zima lilisimama nje juani kwa sababu idara moja ilikuwa imetia kufuli lake mlangoni. Ndivyo idara zilivyozoea kuatamia kumbi, kama kuku juu ya mayai viza.

Namalwa, ofisa mpya wa mipango ya kumbi, alikuja na koleo kubwa la kukatia chuma.

"Hiyo kufuli ni yetu," mkuu wa idara alimwambia. "Na kamati ya kukuthibitisha kazini, mwenyekiti ni mimi. Umesahau?"

"Sijasahau, Prof."

"Basi rudi kwa kompyuta yako."

"Kata, madam!" mwanafunzi mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

Shaba ya kufuli ilikuwa imelainika kwa kushikwashikwa. Namalwa alivua viatu vyake vya visigino, akasimama imara, akaibana mikono ya koleo kwa uzito wake wote. Chuma kililia, kufuli likaanguka.

"Umejimaliza," Prof alisema. "Na kesho naweka ingine."

Namalwa aliinua koleo tena, akaling'atisha komeo lenyewe la kutilia kufuli.